Noradrenalini ya matumbo huishia wapi kabla ya kufika kwenye damu ya shingo?

mchunga_kabete aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Ninasomea afya ya mifugo huku Kabete, na mwalimu wetu amenikubalia nifanye mradi mdogo kuhusu msongo wa mbuzi wanaosafirishwa kwa malori kutoka kaskazini mwa nchi hadi soko la Kiamaiko, Nairobi. Nilipanga kuchukua damu kwenye mshipa wa shingo mara tu mbuzi wanaposhushwa, kisha nipime homoni za msongo, yaani adrenalini, noradrenalini na kortisoli, nikichukulia kwamba tezi za adrenali zilizo karibu na figo ndizo chimbuko la zote tatu, na kwamba mbuzi mwenye homoni nyingi ndiye aliyeteseka zaidi njiani.

Nilipoanza kusoma kwa undani nilikutana na mambo mawili yaliyonitatiza. La kwanza, imeandikwa kwamba utumbo, kongosho na wengu kwa pamoja hutoa sehemu kubwa ya noradrenalini ya mwili. La pili, imeandikwa kwamba karibu yote haifiki kwenye mzunguko mkuu wa damu. Inaenda wapi? Na ikiwa kiungo kimoja cha tumboni kinatoa homoni huku jirani yake akiiondoa kabla haijaonekana, kipimo cha damu ya shingo kinanieleza nini hasa kuhusu mnyama? Naomba maelezo ya taratibu, kwa kuwa nataka kuelewa kabla sijamchoma mbuzi hata mmoja sindano.

DktMifugo_Uthiru alijibu:

Anza na ramani ya mishipa, kwa maana jibu la maswali yako yote mawili limo humo. Damu inayotoka kwenye tumbo la chakula, utumbo, kongosho na wengu hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa katika mshipa mmoja mnene, vena ya lango, ambao huipeleka kwenye ini. Humo hupenya katika vijia vyembamba vilivyozungukwa na seli za ini, ndipo itoke kwa vena za ini na kuingia vena kava, ule mshipa mkuu unaorudi moyoni. Damu ya tezi za adrenali haina safari hiyo. Kwa binadamu, tezi ya kulia humimina damu yake ndani ya vena kava yenyewe, na ya kushoto huipitisha kwanza kwenye vena ya figo ya upande huo. Mpangilio wa mbuzi una tofauti zake ndogo, lakini kwake pia damu ya adrenali hufika moyoni bila kupitia ini. Sisi wa Nairobi tunaijua mizani ya Mlolongo: lori linalotoka Mombasa kwa barabara kuu halina budi kupimwa pale, na linalotoka Naivasha halipiti hapo kamwe. Noradrenalini ya matumbo inatoka upande wa Mombasa. Adrenalini ya tezi za adrenali inatoka upande wa Naivasha.

Sasa tuangalie utoaji wenyewe. Noradrenalini ya utumbo haitoki kwenye tezi yoyote. Hutolewa na ncha za neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kukabili hatari, ambazo zimetanda kwenye kuta za mishipa ya damu ya matumbo, kwenye misuli ya utumbo na kwenye wengu. Sehemu kubwa ya kile kinachotolewa hufyonzwa tena na ncha zilezile zilizokitoa, na kinachobaki ndicho huvuja kuingia katika damu. Kwa binadamu imekadiriwa kwamba viungo hivi vya tumboni huchangia sehemu inayokaribia nusu ya noradrenalini yote ya mwili. Ni kiasi kikubwa mno kwa viungo ambavyo tumezoea kuvifundisha kwa habari za chakula tu.

Damu hiyo inapofika kwenye ini, seli za ini huivuta noradrenalini ndani kwa kasi, na vimeng'enya viwili, monoamini oksidasi na katekol-O-methiltransferasi, huibadilisha iwe vitu visivyo na nguvu ya homoni. Kwa binadamu, zao la mwisho ni asidi ya vanililimandeliki, ambayo hutoka kwa mkojo, na karibu yote hutengenezwa kwenye ini. Kimeng'enya hicho cha pili kilielezwa na Julius Axelrod katika miaka ya 1950, naye akashiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1970 pamoja na Ulf von Euler na Bernard Katz. Kwa hiyo noradrenalini ya matumbo inaenda kwenye ini na kuishia humo, na damu inayotoka kwenye vena za ini huwa na kiasi kidogo tu cha ile iliyoingia.

Tezi ya adrenali nayo inastahili kutazamwa kama tezi mbili zilizofumbatana. Kiini chake kina seli za kromafini, ambazo kiasili ni jamaa za neva. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo huzifikia moja kwa moja, huachia asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, na papo hapo seli hizo humwaga adrenalini iliyokuwa imehifadhiwa katika vifuko vidogo. Gamba la nje hutengeneza kortisoli kutokana na kolesteroli. Damu ya gamba hupitia kwenye kiini kabla ya kutoka nje, ikiwa imejaa kortisoli, na kortisoli hiyo ndiyo inayochochea kutengenezwa kwa kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Ndiyo sababu kiini cha adrenali cha binadamu hutoa takriban asilimia 80 ya adrenalini na 20 tu ya noradrenalini, ilhali neva za matumbo, zisizo na kimeng'enya hicho, hubaki na noradrenalini. Uwiano huo hutofautiana kati ya spishi, hivyo usiuhamishe kwa mbuzi bila kuupima.

Jambo ambalo ningependa ulibebe kutoka hapa ni hili: namba utakayoisoma maabara ni tofauti kati ya kilichoingia na kilichoondolewa. Ini huondoa katekolamini, yaani adrenalini na noradrenalini, kwa ufanisi mkubwa kila zinapolifikia, na kwa sababu hiyo kasi ya uondoaji hutegemea zaidi wingi wa damu inayopita humo kuliko bidii ya vimeng'enya. Mnyama anapoogopa sana, mishipa ya matumbo hujibana, damu inayokwenda kwenye ini kwa vena ya lango hupungua, na wakati huohuo adrenali zinamwaga kwa nguvu. Adrenalini inapanda kwa sababu imetolewa zaidi, na pia kwa sababu mwondoaji wake amepunguziwa damu. Mbuzi wawili wanaweza kuwa na namba moja, mmoja akiwa ametoa nyingi na kuondoa nyingi, mwingine akiwa ametoa kiasi na kuondoa kidogo. Sindano moja ya shingoni haiwezi kuwatenganisha.

Isitoshe, mshipa wa shingo unarudisha damu ya kichwa. Adrenalini utakayoikuta humo imekwisha kupita moyoni, mapafuni, moyoni tena, kisha kwenye tishu za kichwa. Hata mapafu huondoa sehemu ya noradrenalini, ingawa adrenalini huipitisha karibu bila kuigusa. Ukitaka kujua matumbo yametoa nini, utalazimika kuweka mirija kwenye vena ya lango na vena ya ini na kupima pia mwendo wa damu, kazi ambayo watafiti wameifanya kwa nguruwe na mbwa waliotiwa dawa ya usingizi, na ambayo haifai kabisa kwa mradi wa stashahada wala kwa mbuzi wa mtu aliyemleta sokoni.

maabara_ngara alijibu:

Ninaunga mkono maelezo ya Daktari, nami nitaongeza upande wa maabara. Mchunga, adrenalini katika damu hupungua kwa nusu ndani ya dakika mbili hivi. Kumkimbiza mbuzi zizini, kumshika pembe na kumgeuza shingo kunatosha kuipandisha kabla hujapata mshipa, kwa hiyo utakuwa umepima mikono yako na safari ya lori haitaonekana kabisa. Watafiti wanaopima katekolamini kwa usahihi humwekea mnyama mrija mapema, humwacha azoee, kisha huvuta damu bila kumgusa. Damu hiyo lazima iingie kwenye chupa baridi yenye dawa ya kuzuia kuganda, izungushwe haraka kwenye mashine yenye ubaridi, na plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli, igandishwe kwenye nyuzi joto 70 chini ya sifuri au chini zaidi. Pale Kiamaiko, kwenye jua na msongamano ule, sioni utakavyoutimiza utaratibu huo, nami nakushauri uziache adrenalini na noradrenalini katika mradi huu.

Mahali pa kuchukulia damu pamekuwa suala tangu mwanzo wa elimu hii. Mwaka 1911 Walter Cannon na Daniel de la Paz, huko Marekani, walionyesha kwamba paka anayebwekewa na mbwa hutoa adrenalini. Hawakuchukua damu shingoni. Walipitisha mrija kutoka kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya vena kava, karibu na mahali adrenali zinapomwaga, wakaiweka damu hiyo juu ya kipande cha msuli wa utumbo: damu ya paka mtulivu haikuubadilisha msuli, nayo damu ya paka aliyeogopa iliulegeza. Walijua kwamba wakichelewa au wakienda mbali na chimbuko, dalili ingepotea.

Kortisoli ni afadhali, kwa sababu gamba la adrenali halina ghala lake. Lazima haipothalamasi, sehemu ya ubongo, ichochee tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari itume homoni yake kupitia damu, ndipo gamba lianze kuitengeneza. Dakika chache hupita kabla ya ongezeko kuonekana, na kilele huja baada ya robo saa hadi nusu saa. Ukimpata mbuzi ndani ya dakika mbili au tatu tangu umguse, namba yako bado inasimulia yaliyotangulia. Pia hudumu zaidi. Kwa binadamu hupungua kwa nusu baada ya saa moja hadi saa moja na nusu, kwa kuwa sehemu kubwa yake husafiri ikiwa imeshikwa na protini, hasa transkotini na albumini, na iliyoshikwa haiingii kwa urahisi kwenye seli za ini.

Protini hizo mbili hutengenezwa na ini. Kipimo cha kawaida hukupa kortisoli yote, iliyoshikwa na iliyo huru, ilhali iliyo huru pekee ndiyo inayofanya kazi. Mbuzi aliyedhoofika kwa ukame, mwenye protini chache katika damu, anaweza kuonyesha kortisoli ndogo huku sehemu yake iliyo huru ikiwa ya kutosha kabisa.

nyika_langata alijibu:

Mimi hushughulika na wanyamapori, ambao hatuwezi kuwashika shingo kila tunapotaka kujua hali yao, kwa hiyo njia yetu ni kinyesi. Ini halimalizi kazi kwa kuibadilisha kortisoli. Baada ya kuipunguza nguvu, huiunganisha na asidi ya glukuroniki au salfeti ili iyeyuke majini, kisha huigawa kwa njia mbili: sehemu hurudi kwenye damu na kuchujwa na figo hadi kwenye mkojo, sehemu huingia kwenye nyongo na kumiminwa katika utumbo. Mgawo huo hutofautiana sana kati ya wanyama. Paka hupitisha zaidi ya nne kwa tano kwenye kinyesi. Mbwa hupitisha karibu robo tu, na inayobaki huenda na mkojo. Kondoo yumo karibu na mbwa. Anayempima simba na mbwa mwitu kwa kipimo kimoja kisha akalinganisha namba zao, analinganisha maini mawili kabla ya kulinganisha misongo miwili.

Hapa nchini njia hii imezaa elimu nzito. Nyani wa Amboseli, wanaofuatiliwa tangu mwaka 1971, wamepimwa mabaki ya homoni katika kinyesi kilichookotwa bila mnyama kuguswa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba dume anayeshika nafasi ya kwanza kundini ana kiwango cha juu cha homoni za msongo kuliko yule wa pili wake. Mtafiti Robert Sapolsky, aliyeanza kazi na nyani wa Maasai Mara mwishoni mwa miaka ya 1970, alitumia damu, na ili aiamini ilimbidi awapige nyani sindano za usingizi kwa kuwavizia, saa ileile ya siku, kisha avute damu upesi kabla msongo wa sindano haujaingia kwenye hesabu. Njia zote mbili ni halali. Damu inasimulia dakika, kinyesi kinasimulia saa.

Kwa mbuzi wako, kumbuka kwamba kinachotoka nyuma kimechelewa kwa muda ambao chakula huchukua kupita utumboni. Kwa kondoo ucheleweshaji huo ni takriban saa 12, na kwa farasi ni siku nzima hivi. Kumbuka pia kwamba humo hutakuta kortisoli yenyewe isipokuwa chembe, kwa maana ini na bakteria wa utumbo wameshaigeuza; kipimo kinachotafuta kortisoli ya kawaida hakitakufaa, tafuta kinachotambua mazao yake. Kinyesi kigandishwe mapema, kwa sababu bakteria hawaachi kufanya kazi eti kwa kuwa kimedondoka chini.

mchunga_kabete alijibu:

Ahsanteni sana, Daktari na wenzangu. Nimeelewa kwamba katekolamini sizipimi. Nauliza sasa kuhusu kinyesi: malori mengi huondoka Marsabit jioni na kufika Nairobi asubuhi. Kinyesi nitakachookota mbuzi wanaposhushwa kitakuwa kinaeleza safari, au kitakuwa kinaeleza siku ya kupakiwa? Na je, njaa ya safarini haibadilishi hesabu?

nyika_langata alijibu:

Cha asubuhi ya kushushwa kitaeleza zaidi kupakiwa na mwanzo wa safari. Cha jioni ya siku hiyo, wakiwa zizini, ndicho kitakachoeleza saa za mwisho barabarani na kushushwa. Okota vyote viwili kwa mbuzi yuleyule, na ikiwezekana umpate mtu wa kuokota cha Marsabit kabla ya kupakia, ili kila mbuzi awe kipimo cha nafsi yake. Njaa inabadilisha, ndiyo: mbuzi asiyekula hutoa kinyesi kidogo na utumbo wake huenda polepole, hivyo mabaki yaleyale hujikusanya katika gramu chache. Andika saa waliyolishwa mara ya mwisho.

mwalimu_kasarani aliandika:

Figo hazijatajwa vya kutosha, na haziondoi homoni kwa kuchuja peke yake. Katika mirija yake mna kimeng'enya kinachogeuza kortisoli kuwa kortisoni, isiyo na nguvu, ili isijishikize kwenye vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya aldosteroni, homoni inayotunza chumvi. Vipokezi hivyo haviwezi kuzitofautisha hizo mbili, na kortisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni kwa mamia ya mara. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kama inavyotokea kwa watu wanaokula urukususi (mzizi mtamu, licorice kwa Kiingereza) kwa wingi, mwili hushika chumvi na shinikizo la damu hupanda. Kisha kortisoni hiyo hufika kwenye ini, ambako kimeng'enya jamaa chake huirudisha kuwa kortisoli. Ini linaloondoa homoni ndilo hilohilo linaloifufua sehemu yake. Mara nyingi wanafunzi wangu huona jambo hili ni gumu kuliko yote, na ninadhani ni kwa sababu tumewazoesha kuliona ini kama jaa la taka.

DktMifugo_Uthiru alijibu:

Nashukuru, Mwalimu. Mchunga, nina pendekezo moja la mwisho, nalo linatokana na mahali ulipopachagua. Mbuzi wa Kiamaiko huchinjwa, na mkaguzi wa nyama hulipasua kila ini kutafuta minyoo bapa, majipu na makovu. Ini lililoharibika huondoa kortisoli polepole na hutengeneza protini chache za kuibeba, kwa hiyo mbuzi mwenye ini bovu anaweza kukupa namba isiyolingana na mateso yake. Watafiti wanaofanya kazi na wanyama hai hawana namna rahisi ya kulijua hilo. Wewe utaliona kwa macho siku hiyohiyo.

Mvalishe kila mbuzi hereni yenye namba anaposhushwa, chukua damu ya kortisoli ndani ya dakika tatu tangu umshike, okota kinyesi asubuhi na jioni, kisha umwombe mkaguzi akuandikie hali ya ini mbele ya namba ileile. Damu ya kuchinjia usiichanganye na ya asubuhi, kwani mwendo wa kutoka zizini hadi kisuni huongeza kortisoli yake wenyewe. Utakapopanga matokeo, wachambue kwanza mbuzi wenye maini mazima peke yao, halafu uwaongeze wengine uone kama picha inabadilika. Andika pia kama ini limetupwa lote au limekatwa sehemu tu, maana kipande kilichobaki kizima bado kilikuwa kinafanya kazi yake hadi dakika ya mwisho.